Meza ya Mwisho na Udongo wa Buffalo

Caritas alianza kumwonea wivu Nzigire kabla hata hajajua jina lake. Ilikuwa asubuhi ya Februari, baridi inapenya hadi ndani ya banda la plastiki, naye amesimama na mpira wa maji akimwagilia miche ya maua. Akamwona bosi, Bwana Keller, anaingia na mwanamke mgeni, mrefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri mno kwa mtu anayekuja kushika udongo. Walizipita meza zote bila kusimama, wakaenda moja kwa moja hadi ile ya mwisho, karibu na mlango wa nyuma. Bosi akaipigapiga kwa kiganja, kama mwenye nyumba anayemwonyesha mpangaji chumba.

Caritas alifunga maji. Meza ile ilikuwa yake.

Haikuwa yake kwa karatasi. Kitalu chote kilikuwa cha Bwana Keller, tangu enzi za baba yake, nje kidogo ya Shively, Kentucky, na miche iliyoota pale ilikwenda kwenye maduka ya maua ya Louisville nzima. Lakini kila mwaka, baridi ilipoanza kulegea, bosi alimwachia Caritas meza hiyo moja na udongo wa kujaza trei zake, apande mbegu za nyumbani: nyanya chungu na lengalenga, mchicha wa kwao. Hizo hazikuuzwa. Zilikuwa za akina mama wa kanisa, Warundi na Wakongo, waliopewa vipande vya bustani vya kulima upande wa kusini wa mji. Wiki iliyofuata mashindano makubwa ya farasi ya mjini, mwanzoni mwa Mei, hofu ya baridi kurudi ikiwa imekwisha, walifika kwa Caritas na mabeseni na maboksi, wakaketi sebuleni kwake, na kila mmoja alikuwa na neno tamu la kumwambia. "Mama Angelika, usinisahau." "Mama Angelika, mwaka jana ulinipa miche myembamba, leo nataka yenye mwili." Hata wale ambao mwaka mzima hawakumpigia simu, siku hiyo walimkumbatia.

Caritas hakuwa na kitu kingine cha kufanya watu wamkumbatie. Alikulia kambi ya wakimbizi, Kasulu, akaacha shule akiwa darasa la nne ili alee wadogo zake. Kwenye kwaya sauti yake ilikuwa ya kufuata tu. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini: leta, weka, basi, kesho. Lakini miche aliijua, na wenzake walijua kwamba anaijua.

Alikuwa mtu wa maji. Wengine walijaza trei, wengine walipanda mbegu, wengine walipakia magari, lakini mpira wa maji wa banda la tatu hakuna aliyeushika ila yeye. Alipita kati ya meza akiinua trei moja hapa, moja pale, kwa kona, kwa vidole viwili na gumba, na uzito ukamwambia la kufanya. Nzito, iache. Nyepesi, ipe maji. Kila mfanyakazi mpya aliletwa kwake afundishwe kuinua, na wengi hawakuweza kamwe kama yeye.

Udongo wenyewe uliitwa piti, wa rangi ya kahawia iliyoiva. Unachimbwa kwenye vinamasi vya Kanada na kuja umeshindiliwa ndani ya marobota ya nailoni. Mama yake Caritas alipouona mara ya kwanza alicheka sana. Kwao Burundi, alisema, udongo kama huo watu waliukata kama matofali, wakaukausha juani, wakauchoma jikoni. "Na hawa wanaupandia maua," alisema, akitikisa kichwa.

Mwaka huo marobota hayakuja. Kwanza bosi alisema wiki ijayo, kisha akasema mwezi ujao, kisha, asubuhi ileile ya Februari, akawakusanya wafanyakazi wote kando ya mashine ya kuchanganyia udongo, akaeleza polepole ili kila mtu aelewe. Kule kwenye vinamasi mvua zilikuwa zimeharibu msimu wa kuchimba. Tena sheria za kulinda vinamasi zilikuwa zimebana, kwa sababu udongo ule umekaa ardhini maelfu ya miaka na ukishachimbwa hewa inachafuka, na ruhusa za kufungua machimbo mapya hazipatikani kirahisi. Wenye vitalu wote wanagombania kidogo kilichopo. Piti iliyobaki ghalani itumike kwa maua ya kuuza tu. Kwa miche mingine watajaribu udongo mwingine, wa nyuzi za mbao zilizosagwa na makumbi ya nazi.

Kisha akamvuta mbele yule mgeni. Huyu ametoka Columbus, jimbo la jirani, alisema. Kitalu alichokuwa akifanyia kazi huko kilishaacha piti, naye anaujua udongo mpya. Ataujaribu kwenye meza ya mwisho.

Caritas alitazama sakafu. Palikuwa na chembe za piti zilizomwagika chini ya mashine, na mtu mmoja alikuwa tayari anazifagia kwenye ndoo zisipotee.

Wakati wa chakula cha mchana mgeni alimfuata.

"Bon, mi naitwa Nzigire," alisema. "Bosi anasema weye ndiye mama wa maji hapa. Nafurahi kukuona, yaya."

Kwa Wakongo wa Bukavu neno hilo ni la heshima, dada mkubwa. Lakini Caritas alikulia Tanzania, ambako yaya ni mtumishi anayelea watoto wa wengine. Alijua maana ya Kikongo vizuri kabisa. Akaamua kuumia kwa ile ya Kitanzania.

"Karibu," alisema, akafunika chakula chake.

Wivu wa Caritas haukuwa wa maneno, ulikuwa wa macho. Aliona kwamba Nzigire anamchekesha bosi kwa Kiingereza cha kukimbia, na bosi si mtu wa kucheka. Aliona kwamba glavu zake ni mpya. Aliona anavyochambua udongo wake wa mbao kwa vidole, taratibu, kama anachambua mchele wa sherehe, na watu wanasimama kumtazama. Jumapili ya pili Nzigire aliimba peke yake kanisani, na sauti yake ikapanda hadi mzee mmoja akavua miwani. Caritas alitazama miwani ile ikifutwa, akaifuta na yake, ingawa haikuwa na kitu.

Jumapili ya tatu ikawa ya Angelika. Caritas alikuwa na binti huyo mmoja, wa miaka kumi na sita, ambaye tangu mwaka uliopita alikuwa hataki mama yake amguse nywele. Baada ya ibada alimkuta ameketi chini kwenye ukumbi wa kanisa, kichwa kiko magotini mwa Nzigire, anasukwa, anasimulia habari za shule ambazo nyumbani hazisemi.

"Angelika, twende."

Angelika alijibu kwa Kiingereza kwamba bado upande mmoja.

"Yaya, nipe dakika kidogo tu," Nzigire alisema. "Huyu mtoto iko na nywele nzuri. Ni yako?"

"Mtoto au nywele?"

"Vyote."

Caritas alisubiri amesimama. Ndipo Spés akamjia, kiongozi wa akina mama, Mrundi mwenzake, mwanamke ambaye hakuna jambo lililopita Shively bila kupitia kwake.

"Mama Angelika, tumesikia mwaka huu meza imehama."

"Meza haihami."

"Ina miguu minne," Spés alisema, na waliokuwa karibu wakacheka. "Usikasirike. Tumemwomba Nzigire atuoteshee nyanya chungu. Bosi amempa nafasi, sisi tufanyeje? Tule hewa?"

"Mmemwomba lini?"

"Kwani alikuwa amejificha?"

Caritas alirudi nyumbani na binti yake mwenye kichwa kizuri kuliko alivyowahi kuwa nacho. Alipofika hakuvua hata koti, akampigia simu mdogo wake.

Jovini aliishi Buffalo, East Side, akifanya kazi kwenye ghala la matairi. Alikuwa na gari la mizigo lililochakaa na moyo wa kutomkatalia dada yake, kwa kuwa ndiye aliyemlea kambini.

"Nitafutie piti," Caritas alimwambia. "Ninyi mko karibu na Kanada, haiwezi kukosekana."

"Dada, watu wananiomba viatu, wananiomba simu. Wewe unaniomba udongo?"

"Si udongo. Piti."

"Huko Kentucky ardhi imeisha?"

"Jovini."

"Nimesikia, dada. Nakucheka tu."

Alizunguka maduka ya mjini, hakuna. Mwishoni akapata duka la vifaa vya wakulima nje ya mji, ambako kila mteja aliruhusiwa marobota mawili. Alinunua mawili, akaenda kuyapakia garini, akarudi amevaa kofia nyingine. Muuzaji alimtambua, akacheka hadi akamwongezea moja.

Safari ya kutoka Buffalo kuja Louisville inapita Columbus. Habari kwamba Jovini anakuja ilifika kanisani, na kutoka kanisani ikamfikia Nzigire, naye hakuona haya.

"Yaya, dada yangu Séphora iko Columbus, Clintonville. Mbegu zangu za nyanya chungu nilizisahau kwake. Kama kaka yako anapita, anaweza kunibebea? Ni kafuko kadogo tu."

Caritas angesema hapana, lakini Spés alikuwa amesimama palepale, na masikio yake yote mawili.

"Atabeba," alisema.

Kwa hiyo gari la Jovini lilipoingia Shively, lilikuwa na marobota matatu ya piti nyuma, na juu ya kiti cha mbele kifuko cha mbegu za Nzigire, kimefungwa mkanda wa usalama kama abiria. Caritas alikichukua, akakipima mkononi. Hakukifungua. Siku iliyofuata alikikabidhi mbele ya watu, ili ionekane amekikabidhi.

Lakini hiyo ilikuwa kesho yake. Jioni ile walikula ugali kwa dagaa, na Jovini akasimulia ya Columbus.

"Huyo Séphora anaongea, dada, nilidhani sitaondoka. Ameniambia kwamba huyo Nzigire wenu mwaka wa kwanza, kitalu chao kilipobadilisha udongo, aliua miche ya banda zima."

Caritas aliacha tonge hewani. "Banda zima?"

"Zima. Alikuwa anainua trei, anaona nyepesi, anamwaga maji. Kesho tena nyepesi, tena maji. Yote ikaoza. Alilia hadi wakamrudisha nyumbani kupumzika. Séphora anasema kumbe ule udongo wa mbao..."

"Aliua banda zima," Caritas alisema tena, polepole, akilionja neno.

"Ndiyo, kwa sababu ule udongo..."

"Kula, Jovini. Ugali unapoa."

Sebule ikawa na joto zuri ghafla. Usiku ule alilala vizuri kuliko siku zote tangu Februari. Siku mbili baadaye alimpenyezea Spés habari hiyo kwa sauti ya huruma, kwamba masikini Nzigire, huko alikotoka aliua banda zima.

Spés alifikiri kidogo. "Basi amejifunzia kwa miche ya wengine," alisema. "Yetu iko salama."

Caritas alikuwa na mpango wake. Nyuma ya nyumba palikuwa na kibaraza kilichozungushiwa vioo, kinachopata jua tangu asubuhi. Alitoa baiskeli mbovu na maboksi, akapanga trei alizoziokota kazini zilipotupwa, akafungua robota la kwanza la Buffalo. Harufu ya piti ikamjaa puani, akapanda. Hakumwambia mtu. Angelika peke yake ndiye aliyejua, na Angelika hakuona kwamba ni jambo la kumwambia mtu. Siku ya kugawa, Caritas alijisemea, miche ya Nzigire itakuwa ya manjano na legelege, akina mama watasimama na mabeseni yao matupu, naye atasema kwa upole, njooni nyumbani.

Na kwa kweli miche ya meza ya mwisho ilianza vibaya. Ilitoka njano. Caritas aliipita kila asubuhi na mpira wake, akiitazama kwa pembe ya jicho, akitembea taratibu zaidi kuliko ilivyohitajika. Halafu Nzigire akaanza kuichanganyia mbolea ya maji, kidogo kidogo, na kabla ya mwisho wa Aprili ilikuwa ya kijani kibichi, vifundo vifupi, mashina manene. Ilikuwa mizuri. Caritas alitafuta kasoro kwa siku kadhaa, hakuipata.

Ndipo Séphora akakaribia kujifungua, na Nzigire akapewa ruhusa aende Columbus.

"Yaya, nakuachia meza yangu," alisema.

Neno "yangu" lilimchoma Caritas kama mwiba wa samaki.

"Maji kidogo tu, tafadhali. Hii udongo inadanganya. Kuinua haisaidie, donc..."

"Nilikuwa namwagilia hapa wewe hujajua Kentucky iko wapi."

Nzigire alimtazama, akafunga mdomo. "Sawa, yaya."

Asubuhi ya kwanza Caritas alikwenda kwenye meza ile, akainua trei kwa kona. Nyepesi mno. Akainua nyingine. Nyepesi. Juu udongo umepauka, umekauka kama vumbi la mbao. Akasimama akiwaza. Maji kidogo tu, kwa nini? Wivu ukamjibu haraka. Anataka ikauke mikononi mwangu. Anataka arudi akute imenyauka, aseme mbele ya bosi kwamba mama wa maji hajui maji. Basi Caritas alifungua mpira, akaipa miche ya Nzigire maji ya kushiba, kwa uangalifu, kwa mvua laini, kuliko alivyomwagilia yake mwenyewe pale kibarazani. Kesho yake aliinua, ilikuwa nyepesi bado. Akaongeza. Na siku iliyofuata vilevile. Alifanya kazi ile kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa na adui yake.

Nzigire aliporudi, miche ilikuwa imelala. Mashina yalikuwa yamekuwa meusi chini, membamba kama uzi. Alichomoa mmoja na udongo wake, akaukamua. Juu mkavu, na katikati maji yakachuruzika kati ya vidole vyake. Mizizi ilikuwa ya kahawia na ilinuka. Alianza kuzimwaga trei kwenye toroli, moja moja, na wafanyakazi wote wakamgeukia Caritas.

"Niliinua," Caritas alisema. "Zilikuwa nyepesi."

Bosi alikuja, akatazama toroli, akakuna shingo. Hakufoka. Alisema tu kwamba kwa wiki hizi chache, kwa kuwa piti ya ghalani imekwisha na karibu kila banda sasa lina udongo mpya, ni afadhali Nzigire ashike mpira. Caritas aliuvua mwenyewe begani na kumkabidhi. Mikono yake ilikuwa haijui ikae wapi siku nzima.

Jumapili, Spés hakuzunguka kwa maneno.

"Mama Angelika, sema kweli tu."

"Nimeshasema. Zilikuwa nyepesi."

"Miaka yote unainua, hujaua hata mmoja. Mwaka huu, meza ya mwenzio, umeua yote." Spés hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayejumlisha. "Sisi tulikuwa tunakuona, dada. Macho yako tulikuwa tunayaona."

Na nyumbani Angelika, akiosha vyombo, bila kugeuka, aliuliza kwa Kiingereza kama alifanya makusudi.

Caritas alikwenda kibarazani, akafunga mlango. Miche ya Buffalo ilikuwa imejaa pale, mirefu, imesongamana, majani yanasukumana. Aliitazama, na ndipo alipoona alivyojifunga. Akiwapa akina mama miche hii, kila mtu atasema alizamisha ya mwenzake ili yake ing'ae. Asipowapa, hakuna nyanya chungu mwaka huu kwenye bustani hata moja, na jina lake litakuwa ndilo sababu. Kile alichokiandaa kiwe ushindi wake kilikuwa kimegeuka ushahidi. Na ndani kabisa, mahali ambapo Spés hangeweza kufika, kulikuwa na jambo jingine: alipoziona trei zile zimelala, kabla ya hofu, kilitangulia kitu kidogo kama furaha.

Bado ameketi hapo aliposikia mlango wa mbele, na sauti ya Angelika ikisema mama yuko nyuma, pita tu. Nzigire akatokea mlangoni mwa kibaraza.

Nzigire alitazama trei mstari kwa mstari, kisha robota tupu la piti kwenye kona, kisha Caritas.

"Sasa utasema nini?" Caritas aliuliza.

"Nitasema nini? Iko mizuri."

"Nenda uwaambie. Waambie niliizamisha yako ili yangu ipendeze."

Nzigire aligeuza ndoo juu chini, akaketi. "Uliizamisha kwa kusudi?"

"Nilitaka urudi ukute nimeitunza kukushinda."

Nzigire alianza kucheka, kwanza kwa pua, halafu mabega yote. "Yaya, na mi nilifanya vile vile Columbus. Nilikuwa nabishana na mama mmoja wa Népal. Kila siku nainua, nainua, natia maji ili anione. Niliua banda mzima na huu mkono."

"Najua. Jovini aliniambia."

"Alikuambia na sababu?"

"Nilimkatiza. Ugali ulikuwa unapoa."

Ilibidi Nzigire ajifute macho kwa ncha ya kitenge. Caritas hakucheka. Kumwonea wivu mtu kwa sauti yake na glavu zake ni rahisi kuliko kumwonea wivu kwa kutokuwa na kinyongo. Hilo lilimchosha zaidi kuliko yote.

"Hii miche imebanana," Nzigire alisema baadaye, akiinamia trei. "Ikae hivi wiki moja, itakuwa kamba. Kila mmoja unataka kikopo chake. Piti umebakisha?"

"Imekwisha. Duka halina tena, Jovini aliuliza."

"Mi niko na magunia ya mbao hadi juu, na meza iko mtupu. Bamama watauliza. Tutasema mbegu na piti vya mama Angelika, udongo wa vikopo wa Nzigire. Huo si uongo. Uongo siwezi, naimba kanisani."

Kesho yake walizipeleka trei kitaluni kwa gari la Caritas, wakahamisha miche kwenye vikopo, mmoja mmoja, wakiwa upande huu na upande huu wa meza ya mwisho. Mpira ulikuwa kwa Nzigire. Caritas alipofika mwisho wa mstari aliinua kikopo kwa mazoea, na Nzigire, bila kuinua macho, akasema, "Usiinue. Hii mbao ni nyepesi hata ikishiba maji. Tia kidole. Hadi kifundo cha pili." Caritas alitia kidole. Juu pakavu, chini pakamjibu kwa ubaridi, maji yapo. Alikitoa, akakitazama kama kidole cha mtu mwingine. Alikirudisha tena kwenye kikopo kingine, na kingine, hadi mchana, akijifunza mbele ya mtu ambaye hakutaka amwone akijifunza.

Mashindano ya farasi yalipita. Siku ya kugawa, akina mama hawakwenda sebuleni kwa Caritas. Waliitwa kitaluni, mlango wa nyuma. Walikuja na mabeseni yao. Nzigire aliwaambia kama walivyokubaliana. Spés alimsikiliza hadi mwisho, akamtazama Caritas kwa muda mrefu, na haikuonekana kama ameamini yote.

"Kwa hiyo mmegawana meza," alisema.

"Ina miguu minne," Caritas alisema. "Miwili miwili."

Spés alitabasamu nusu. Alichagua miche yake, yenye mwili, kisha akageuka na kumshukuru Nzigire kwanza. Akamkumbatia Nzigire kwanza. Caritas aliona mkono ule ukipita mgongoni mwa mwenzake, ukikaa, akainama kupanga upya vikopo vilivyokuwa vimeshapangwa. Bosi alikuwa ameshasema kwamba mwakani piti itakuwa haba kuliko mwaka huu, labda isije kabisa, hivyo Nzigire hakuwa wa kupita. Angekuwa hapo, na kitambaa chake, na sauti yake, na kichwa cha Angelika magotini.

Mama mmoja wa mwisho, mgeni aliyefika Louisville majira ya baridi, aliinua kikopo chake juu, akakizungusha.

"Nitajuaje kwamba kinataka maji?" aliuliza, akiwatazama wote wawili. "Ni chepesi. Si kimekauka?"

Nzigire alikuwa anafungua mdomo. Caritas akamwahi.

"Usiinue," alisema. Alikishika kidole cha yule mama, akakizamisha mwenyewe kwenye udongo. "Tia kidole. Hadi kifundo cha pili. Huu udongo unadanganya."